Ngozi ya Kupimia Oveni

Mke wangu alinisukumia karai lililofunikwa kwa leso, akasema, "Basi peleka wewe." Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kumwambia kwamba mimi ni karani mstaafu, kwamba oveni sizijui, kwamba njia ile ni yake na watu wa kule wanamjua yeye. Badala yake nikasema, "Sawa, nitapeleka," nikalipokea lile karai kama mtu anayenyang'anya mali yake mikononi mwa mwizi.

Ilikuwa Lodwar, mwezi wa Machi 2013, wiki chache kabla ya Pasaka. Ndani ya karai mlikuwa na mikate mirefu, bapa, iliyookwa mara moja tu, bado laini ukiibonyeza. Kakuma ndiko ingeokwa mara ya pili. Kwa ajili ya huko kuokwa mara ya pili nilikuwa nimekosa usingizi karibu mwaka mzima.

Lazima nieleze hiyo biskoti ni kitu gani, maana hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani ni biskuti ya dukani iliyotamkwa vibaya. Mke wangu alikuwa akifanya usafi katika jiko la misheni, na humo alikuwemo sista mmoja mzee, Mtaliano, aliyependa kuoka. Sista alimfundisha kukanda unga, sukari na mayai, kuunda mkate kama mguu wa kitanda, kuoka, kuupumzisha upoe, kuukata vipande vya mshazari, kisha kuvirudisha kwenye moto mdogo hadi vikauke kabisa. Siri yote iko katika kule kukauka. Kipande kikikauka sawasawa, joto la Lodwar halikigusi. Kinakaa mkebeni miezi. Sista aliporudi kwao, alimwachia mke wangu kisu cha kukatia na hicho alichomfundisha.

Mke wangu aliona kitu ambacho mimi, na kidato changu cha nne, sikukiona. Biskoti haitaki siagi. Haitaki maziwa. Lozi za sista alizibadilisha na njugu karanga. Ganda la limau aliliomba kwenye kibanda cha sharubati, ambako walikuwa wakilitupa, akalianika juu ya bati na kulitwanga. Na mayai! Lodwar mayai ni ghali kwa sababu yanapanda lori kutoka Kitale, na njia ile inajulikana kwa mashimo. Trei zikishushwa, mengi yana nyufa. Mwenye duka alikuwa akiyatenga pembeni akilaani dereva. Mke wangu alifika asubuhi hiyo hiyo na sufuria yake, akayachukua yenye ufa kwa bei ya kutupa, akaja kuyapasulia nyumbani moja moja ndani ya kikombe, akiyanusa. Lililooza lilimwagwa nje, mbwa wakagombana. Mazuri yakaingia kwenye unga.

Aliuza sokoni na kwa madereva wa malori wanaopita kwenda Lokichoggio. Madereva walizipenda kwa sababu walikuwa wakikwama njiani siku nzima na biskoti ilikuwa bado nzima, ya kuchovya kwenye chai. Watoto waliziita meno ya ngamia. Mimi watu wakaanza kuniita mume wa mama biskoti. Nilikuwa nimefanya kazi ya stoo serikalini miaka mingi, watu wakisimama mbele ya meza yangu wakingoja nisaini, na sasa mtu ananisalimia barabarani kwa jina la biskuti za mke wangu. Nilitabasamu. Moyoni nilikuwa nikitafuna kitu kichungu.

Tatizo la biashara yake lilikuwa makaa. Kuoka mara moja alimudu: sufuria kubwa yenye mchanga chini, mkate ndani, mfuniko, makaa juu ya mfuniko. Lakini kule kukausha kunataka moto mdogo wa muda mrefu, na gunia la makaa ya mti wa mathenge liliishia humo humo pamoja na faida yote. Ndipo dereva mmoja wa gari la abiria, Probox, mteja wake, akamwambia kwamba Kakuma, upande wa kambi ya wakimbizi, yuko fundi mmoja kutoka Sudan Kusini mwenye oveni kubwa ya udongo. Fundi huyo huoka mikate alfajiri, na mikate ikishatoka oveni hubaki na joto hadi mchana bila mtu kulitumia.

Mke wangu alisafiri kwenda kumwona. Alirudi jioni na biskoti zimekauka vizuri, na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu watoto walipooa na kuolewa.

"Baba watoto," akasema akifungua mkebe, "yule mtu alipoona mikate yangu alicheka. Akasema, hii si ya Wazungu, hii ni gargosh! Kwao wanaoka hivyo hivyo mara mbili, wanachovya kwa chai. Na unajua anatoka wapi? Upande wa Kapoeta. Anaongea kama mama yangu!"

Nilijua maana yake. Watu wa Kapoeta, ng'ambo ya mpaka wa Nadapal, lugha yao na Kiturkana chetu ni ndugu wa tumbo moja. Mke wangu alizaliwa kwa wafugaji karibu na Lorugum, lugha yake ni ya ndani, ya ng'ombe na malisho na mafumbo. Mimi nilizaliwa Mturkana lakini nililelewa Kitale, na Kiturkana changu ni cha kusalimia na kununulia mbuzi. Nyumbani kwetu tumezungumza Kiswahili maisha yote. Kwa hiyo alipokuwa akinisimulia jinsi walivyoongea, hakuweza hata kunieleza walichochekea. "Haitafsiriki," akasema, akacheka tena peke yake.

Hapo ndipo wivu ulipoanza.

Akawa anakwenda kila wiki. Alioka mara ya kwanza nyumbani, akapanda gari mikate ikiwa inapoa njiani kwenye karai, na akifika oveni ya fundi inakuwa imeshatoa mikate. Mpango ulikuwa mzuri: mapumziko ya mkate yalifanyika barabarani, na moto wa mara ya pili ulikuwa mabaki ya kazi ya mtu mwingine. Fundi hakutaka pesa. Alitaka zile ncha za mkate, vipande vya mwishomwisho visivyouzika, kwa ajili ya watoto wake. Mwanamke wangu alikuwa amegundua njia ya kuoka karibu bure. Mwanaume mwenye akili angejivunia. Mimi nilinusa leso yake.

Ndiyo, niliinusa. Ilikuwa na harufu ya kahawa yenye tangawizi, kama wanavyopika wale watu. Nilimwuliza, "Umekunywa kahawa?" Akasema, "Sasa ningengoja oveni ipoe nikitazama angani?" Lilikuwa jibu la kweli, lisilo na mzunguko. Nililigeuzageuza usiku kucha nikalikuta na maana nyingine kumi.

Jirani yangu mmoja, muuza nyama, alizidi kulichochea. Tulikuwa tukikaa mbele ya bucha yake saa za jioni, na siku moja alitazama mke wangu akishuka kwenye Probox na mikebe yake, akanigeukia.

"Mzee, nieleze vizuri. Hiyo biskoti inaokwa mara mbili, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza inaokwa kwako."

"Ndiyo."

"Na mara ya pili inaokwa na nani?"

Watu wote pale benchini waliangua kicheko. Nami nilicheka, nikasema, "Wewe kata nyama." Lakini nilirudi nyumbani nikamnunia mke wangu, naye hakujua kosa lake ni lipi.

Siku nyingine nikiwa natafuta kiberiti kwenye kopo lake la unga, nilikuta kipande cha ngozi, kirefu kama kidole na chembamba, manyoya yake rangi ya kahawia hafifu kama chai yenye maziwa mengi. Mbuzi wetu niliwajua. Hakuwepo wa rangi ile. Nikakishika juu.

"Hii ngozi ni ya nani?"

Hakuinua hata kichwa. "Ya oveni."

"Oveni ina ngozi?"

Ndipo alipocheka na kunieleza. Oveni ya udongo haina saa wala namba. Ili kujua joto, unarusha unga kidogo kwenye sakafu yake. Ukiwa mweusi papo hapo, bado ni moto wa mikate, ngoja. Ukibaki mweupe, umechelewa. Lakini ukigeuka polepole hadi ukafanana na manyoya ya ile ngozi, hiyo ndiyo saa ya kukausha. Fundi alikuwa akiwakatia kipande wanawake wote waliotumia oveni yake, kutoka kwenye ngozi aliyoilalia tangu avuke mpaka, kwa sababu, alisema, jicho lililokaa karibu na moshi husahau rangi, ngozi haisahau.

Kwa hiyo alikuwa amekata ngozi ya kitanda chake. Hilo ndilo nililolisikia katika maelezo yote yale. Nikakirudisha koponi.

Sasa nifike kwenye ile Machi. Habari zilikuwa zimefika kwamba sista mzee angekuja kuitembelea misheni wakati wa Pasaka, na akina mama wa parokia walikuwa wakimwandalia chai. Walimwomba mke wangu alete biskoti. Zaidi ya hapo, waliokuwa wakisimamia nyumba ya wageni ya misheni walimwambia kwamba wakiridhika, wangekuwa wakichukua kwake kila mwezi, za wageni na za shule zao. Kwa mke wangu haya mawili yalikuwa kitu kimoja. Alitaka yule mama aliyemwonyesha kazi afungue mkebe kwa mkono wake mwenyewe, aone. Alikuwa akilala akilizungumza, akiamka akilizungumza.

Nami siku aliyokuwa akipanga karai la safari, nikamwanza. Nikamwambia safari zimezidi. Nikamwambia watu wanasema. Akaniuliza watu gani. Nikasema watu. Akaniuliza wanasema nini. Nikasema yeye anajua. Alisimama na unga hadi viwikoni, akanitazama.

"Unaona kuna kitu kule?"

"Sijasema hivyo."

"Basi peleka wewe. Uone kwa macho yako, urudi, tuwe tumemaliza." Akalisukuma karai kwangu. Kisha akafungua kopo la unga, akatoa kile kipande cha ngozi, akakiweka kwenye mfuko wa shati langu na kuubonyeza mfuko kwa kiganja. "Usiweke kabla unga haujafanana na hii. Na ukizitoa, usizifunge mkebeni zikiwa moto. Hata kama gari linakupigia honi. Umesikia, Mzee wangu?"

"Nimesikia."

Ulikuwa mkono wa mtu anayemwamini mwenzake. Ningekuwa na akili ningelishusha lile karai pale pale, nikasema, twende wote.

Nilikaa mbele kwenye Probox, karai magotini. Dereva alikuwa yule yule rafiki yake. Njia nzima alikuwa akinisifia mke wangu, na jinsi fundi anavyomheshimu, na jinsi oveni ile mama akiwepo kunakuwa na stori tamu hadi wateja wa mkate hawataki kwenda. Tulipovuka laga moja, mto mkavu wa mchanga, nikatia mkono mfukoni. Manyoya ya ile ngozi yalikuwa laini. Nilifikiria mahali ilipotoka. Nikaitoa nje ya dirisha na kuiachia.

Sikutafakari. Ilikuwa imeshaanguka kwenye mchanga, na gari likaendelea.

Fundi alikuwa mtu mrefu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, mwenye makovu mazuri kwenye paji la uso na mikono iliyoungua ungua hadi kwenye viwiko. Aliponiona na karai la mke wangu, alifungua mikono.

"Ejok, Apa! Ejok! Leo mama ametuma mkubwa mwenyewe! Karibu, karibu kwa kivuli."

Salamu hiyo na neno Apa, yaani baba, niliyajua. Kisha akanisemesha kwa lugha yao. Nilishika neno moja moja, nikajibu kwa Kiswahili. Akajaribu tena, taratibu, kama mtu anavyomsemesha mtoto. Nikajibu tena kwa Kiswahili. Akapiga paja kwa kicheko.

"Ah! Apa ni Mturkana ya vitabu! Mama alisema, mimi nikakataa, nikasema haiwezekani."

Hakuwa na nia mbaya. Nimelirudia neno lile mara nyingi na sioni nia mbaya ndani yake. Lakini lilinipata pale pale nilipokuwa na kidonda: kwamba walikuwa wamenizungumza, kwamba mke wangu alikuwa amemweleza mtu huyu pengo langu. Mkewe, mwanamke mnene aliyekuwa akinyonyesha, aliniletea kahawa. Ndiyo, alikuwa na mke, amekaa pale pale mlangoni, na watoto wamezunguka wakingoja ncha za mkate. Nilikuwa nimekuja kuona, na nikaona. Hapakuwa na kitu. Ungefikiri wivu ungekufa hapo. Haukufa. Uliona tu kwamba haukuwa na sababu, ukaniona mimi niliyeubeba, ukakasirika zaidi. Kahawa sikuinywa.

"Mama amekupa ngozi?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Alisahau."

Alishangaa kidogo. "Mama anasahau? Basi hakuna shida, tutaangalia pamoja. Hii bado moto sana. Mimi nakimbia kanisani kidogo, wazee wameniita, kuna maneno ya safari ya kurudi kwetu. Wewe kaa, kunywa kahawa, nikirudi tunaweka."

Akaondoka. Nilikaa kwenye kigoda nikiitazama ile oveni, tumbo lake la udongo likipumua joto. Dereva alipita akaniambia anarudi Lodwar baada ya muda mfupi, kama niko tayari. Nikafikiria kukaa pale, kumngoja yule mtu arudi, anionyeshe mbele ya watoto wake rangi ya unga ambayo mke wangu anaijua na mimi siijui. Nikasimama. Nikakata mikate kwa kisu cha sista kilichokuwa karaini, nikapanga vipande kwenye sinia. Nikarusha unga kidogo ndani. Ulibadilika rangi upesi. Sikuweza kusema ni rangi gani, humo mna giza na macho yalikuwa yakitoa machozi. Nikajiambia inatosha.

Mke wa fundi alisema kitu kutoka mlangoni kwa lugha yao. Nilielewa neno moja, "ngoja". Nikajifanya sikuelewa hata hilo.

Vipande vilipendeza haraka. Viligeuka rangi ya dhahabu, kisha kahawia, vikanukia hadi watoto wakasogea. Nilivigonga kwa kucha vikalia. Nikaona mambo ni rahisi kuliko yalivyotukuzwa. Honi ikapigwa. Nikavimimina kwenye mikebe niliyokuja nayo vikiwa bado moto, nikagonga vifuniko kwa kiganja, nikaacha ncha juu ya kigoda, nikapanda gari. Fundi alikuwa hajarudi.

Mke wangu alifungua mkebe mmoja akatazama vile vya juu, akafurahi. "Umeweza," akasema. Alikuwa amejawa na shukrani, nami niliipokea. Akafunga, akaweka mikebe juu ya kabati ingoje Pasaka.

Siku ya chai ya sista sikwenda. Ilikuwa ya akina mama. Nilihadithiwa baadaye na wengine, mke wangu mwenyewe hakunisimulia kamwe. Sista alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, lakini alimkumbuka mke wangu kwa jina, akamkumbatia. Mikebe ikaletwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Wakamwachia sista afungue mwenyewe, kama alivyotaka mke wangu. Harufu ndiyo iliyotoka kwanza. Vipande vya juu vilikuwa vimelainika, na chini yake vilikuwa vimeshikana, vimeota ukungu wa kijani. Nje vilikuwa vimeiva upesi kwa moto mkali. Ndani vilikuwa vibichi, na mvuke niliouzibia humo mwenyewe ulikuwa umefanya kazi yake. Wakafungua wa pili, na wa tatu. Sista akasema si kitu, si kitu, akampapasa mkono. Watu wa nyumba ya wageni walikula mandazi.

Alirudi nyumbani na mikebe ikiwa imefunguliwa, akaiweka mbele yangu.

"Ulitazama ngozi?"

"Nilitazama."

"Unga ulifanana?"

"Ulifanana. Nikataka ziendelee kukaa, yule mtu wako akanihimiza nizitoe. Alitaka oveni yake."

Sikulipanga. Lilitoka likiwa limekamilika, kana kwamba lilikuwa limekaa ndani likingoja. Na aliniamini. Mwanamke aliyeoka na mtu yule karibu mwaka mzima aliniamini mimi kwa sababu mimi ni mumewe. Uso wake ulibadilika, ukawa mgumu. Dereva alipopita kesho yake, alimpa ujumbe apeleke Kakuma, na nilikuwepo akiusema. "Mwambie sitakuja tena kwake. Mwambie mtu anayeona jasho la mwanamke si kitu, asiniite dada. Na asinilie tena ncha za mkate." Dereva alinitazama mimi. Mimi nikatazama barabara.

Nitasema jambo la aibu: nilifurahi. Miezi iliyofuata mke wangu alikuwa nyumbani. Leso yake haikunuka tangawizi. Alijaribu kukausha biskoti kwenye sufuria ya mchanga, makaa yakala kila kitu, akapunguza, akaacha. Misheni hawakumwita tena. Mayai yenye ufa yakawa yanachukuliwa na mwanamke mwingine, wa kukaanga. Jioni alikaa mlangoni mikono mitupu, na nilikaa karibu naye, nikidhani nimemrudisha.

Ilikuwa karibu na mwisho wa mwaka ule dereva aliposimamisha gari mbele ya nyumba yetu, akashuka na furushi dogo la karatasi. Tulikuwa tumeketi wote wawili.

"Mama, hii ni yako. Imetoka kwa fundi. Ameondoka, amerudi kwao na familia, wamepanda lori la Nadapal leo asubuhi. Oveni amewaachia watu wa kanisa."

Mke wangu hakunyoosha mkono. "Sikukupa maneno umpelekee?"

"Nilimpelekea yote, mama, kama ulivyosema. Jibu lake nikaogopa kukuletea, ulikuwa na hasira. Alisema, pengine mama amekasirika kwa sababu siku ile yeye hakukaa na mzee. Anasema pole. Alichelewa kanisani, akirudi akakuta Apa ameshaoka na kwenda zake. Na anasema..." Dereva akafungua karatasi. Ndani mlikuwa na vipande vya gargosh, na juu yake kipande cha ngozi, rangi ya chai yenye maziwa mengi. "Anasema Apa alimwambia ulisahau kumpa ngozi. Kwa hiyo amekata nyingine. Usikose tena ya kupimia."

 Dereva alielewa amemwaga kitu ambacho hakijui, akaaga haraka.

Mke wangu alikiweka kile kipande gotini, akakilaza manyoya kwa kidole.

"Ya kwanza iko wapi?"

"Niliitupa."

"Wapi?"

"Lagani. Njiani. Kabla sijafika."

"Na hakukuhimiza."

"Hakuwepo."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayehesabu mifugo na kukuta hesabu haitimii. Nilianza kujieleza, nikamwambia habari ya bucha, kicheko cha watu, lugha nisiyoijua. Alininyamazisha kwa kiganja.

"Wivu ningekusamehe. Wivu ni wa watu, hata mbuzi wanao. Hata biskoti ningekusamehe, ni unga. Lakini umenifanya nimtukane mtu aliyenikatia kitanda chake, na sasa yuko ng'ambo, nitamfuata wapi nimwambie?"



Hakupiga kelele. Aliishi nami wiki kadhaa zaidi, akipika na kufagia, akinisalimia asubuhi. Kisha akachukua kisu cha sista, kopo la unga na ile ngozi mpya, akapanda pikapu ya Lorugum kwa dada yake. Nilidhani ni matembezi. Watoto wetu walikwenda kumbembeleza, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja alirudi akinitazama tofauti na alivyokuwa akinitazama zamani. Mke wangu hunijibu nikituma salamu. Hajawahi kuuliza habari za nyumba.

Wanasema kule alijenga oveni ya udongo, akawa anaoka mikate kwanza, kisha biskoti kwa joto la mabaki, na wafugaji hubeba malishoni kwa sababu haiozi. Niliwahi kumkuta abiria stendi ana kifuko cha biskoti zake. Nilimwomba kipande kimoja. Nikakivunja katikati nikakitazama: kilikuwa kikavu hadi ndani kabisa, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Nilikila bila chai, nikiwa nimesimama.

Siku ile ningesema hapana, karai lingebaki mikononi mwake. Nilisema ndiyo, na ndiyo ile ilinigharimu mke. Hakufa, na hakuolewa na mtu mwingine. Yuko Lorugum, mimi niko Lodwar, na hatuishi pamoja tena.